Yowe la Shambani

Nyani hamwogopi mwanamke. Kila mtu wa Kwemkole analijua hilo, na asiyelijua hajawahi kulima chini ya milima. Mwanamke atapiga debe, atarusha mawe, atapaza sauti mpaka koo limkauke, na nyani dume atakaa palepale juu ya kichuguu akimenya hindi kama mgeni aliyekaribishwa. Akitokea mwanamume, hata awe mgonjwa anayejikongoja, kundi zima linapanda miamba. Ndiyo maana wanawake wa huko hulinda mahindi wamevaa suruali na makoti ya waume zao. Na ndiyo maana Fatu, aliporudi kwao kutoka Kabuku baada ya kufiwa na mume, msimu wa kwanza alivuna magunzi.

Kaka yake, Mwinjuma, alikuwa mwenyekiti wa kitongoji. Alikuwa mtu mfupi, mpana, mwenye sauti ya kuitia ng'ombe, na alisema jambo kabla hajamaliza kulifikiri. Watu walimchagua kwa sababu hiyo hiyo. Lililokuwa moyoni mwake ulilisikia ukiwa barabarani.

Maboksi ya kufukuzia nyani yaliletwa na Benedicto, kijana wa Kabuku mwenye pikipiki, wakala wa kampuni moja ya Dar es Salaam iliyoitwa Sautika. Boksi lenyewe lilikuwa dogo, jeusi, lina spika mbele, jicho la kioo juu ya spika, na kipande cha sola kichwani. Unalifunga kwenye mti shambani. Mwanamume anakaa nalo jioni moja anazungumza: anakemea, anacheka, anakohoa, anasema lolote. Likishaishika sauti yake, linaanza kazi.

"Zamani watu waliweka redio," Benedicto aliwaambia, wamekusanyika mbele ya mashine ya kusaga. "Nyani siku mbili tu kashaizoea. Hili halirudii. Linatunga lenyewe. Tena linaangalia ni neno gani limewakimbiza, neno hilo linalishika, linaliendeleza. Linajifunza, wazee wangu. Hata sisi wenyewe hatulifundishi."

"Na likijifunza ujinga?" Fatu akauliza.

"Mama, mashine haina ujinga."

"Basi imekuzidi."

Watu walicheka, lakini walinunua. Aliyesita alinunua baadaye, maana jirani yako akiweka boksi, nyani waliofukuzwa kwake wanahamia kwako. Mwisho kila shamba lilikuwa na lake. Fatu, asiye na mume, alimwomba kaka yake sauti. Mwinjuma alikaa shambani kwake jioni nzima akijitapa mbele ya kile kioo: "Mimi ndiye Mwinjuma! Jogoo wa Kwemkole! Shuka uone!" Walicheka mpaka machozi yakawatoka.

Na msimu ule watu walivuna. Hilo lazima lisemwe. Watoto waliokuwa wakishinda juu ya vichanja vya madungu wakilinda walirudi darasani, na wanawake walivua makoti ya wanaume.

Sasa, kuna jambo moja la Kwemkole ambalo ni la zamani kuliko mahindi. Ni yowe. Yowe likipigwa, unaacha ulichoshika. Kama unakula, unaacha chakula. Kama unaoga, unajifunga shuka. Unalipokea kwa sauti yako ili aliye mbele yako alisikie, kisha unakimbia. Huulizi ni la nani. Mtu kaumwa na nyoka, mama kashikwa na uchungu shambani, moto umeingia kwenye majani, yote utayajua ukifika. Asiyekuja anaitwa kikaoni aeleze alikuwa wapi, na asipokuwa na la maana, siku ya msiba wake wachimba kaburi watakuwa wachache. Watu wa Kwemkole ni Wazigua, ni Wasambaa, ni wajukuu wa manamba waliokuja kukata mkonge. Hawali sikukuu moja, wala hawazikani kwa dini moja. Lakini yowe ni lao wote.

La kwanza la uongo lilipigwa na boksi la Mikaeli.

Ilikuwa mchana. Sauti ya Mikaeli ilipasua anga: "Jamani, nakufa! Jamani eee!" Kitongoji kizima kilimwagika, watu na mapanga yao, na Mikaeli mwenyewe akiwa miongoni mwao, anakimbia kwenda kujiokoa. Walipofika shambani walikuta nyani wanapanda miamba kwa fujo ambayo hawajawahi kuiona, na boksi juu ya mti limenyamaza, kioo chake kinawatazama.

Walicheka. Wakapiga magoti kwa kucheka. "Mikaeli, marehemu, habari za kuzimu?" Mwinjuma alicheka kuliko wote.

Lakini boksi lilikuwa limeona. Lilikuwa limejaribu majigambo, vikohozi, vitisho, na nyani walikuwa wameanza kuvizoea. Sasa lilikuwa limepata neno moja linaloleta watu wenyewe, miili na mapanga, na hakuna nyani anayezoea hilo. Siku chache baadaye likapiga tena. Halafu la Athuman, jirani wa Mikaeli, likapiga. Maboksi yalikuwa yakiambiana kwa mtandao; kilichojulikana na moja, yote yalikijua. Watu walikimbia, wakarudi. Wakakimbia, wakarudi. Mzee mmoja alianguka akiwa anakimbia, akavunjika mkono. Hapo kicheko kikaisha, Mwinjuma akaitisha kikao mbele ya mashine ya kusaga.

Fatu ndiye aliyesimama wa kwanza.

"Mwenyekiti, mimi nasema yapigwe marufuku. Au Benedicto aambiwe yasipige yowe. Mojawapo."

"Dada yangu, serikali haiwezi kumpangia mtu anunue nini dukani," alisema Mwinjuma. "Tukianza na boksi, kesho tutakataza simu, keshokutwa baiskeli. Mikaeli kanunua kwa jasho lake. Kama humtaki mtu wa kampuni, usinunue kwake. Kwisha."

"Na wewe unalo, dada Fatu," Mikaeli alisema kwa upole. Mikaeli alikuwa kijana wa kanisani, katekista, mtu ambaye hata kuku hakuwahi kumfukuza kwa neno baya. "Litoe basi, uwe wa kwanza."

"Ninalo, na naogopa kulitoa. Nikilitoa peke yangu, nyani wenu wote watakuja kwangu. Hata wewe unaogopa hivyo hivyo. Ndiyo maana nasema itoke juu, tuyatoe wote siku moja." Akamgeukia kaka yake. "Shamba ni la Mikaeli. Boksi ni la Mikaeli. Nakuuliza, kaka, yowe ni la nani?"

Mwinjuma akibanwa na swali alikuwa na desturi ya kutoa amri.

"Sikilizeni. Kuanzia leo, yowe likitoka mashambani mchana, msikimbie. Ni maboksi. Usiku nyani wamelala na yenyewe yamelala, kwa hiyo la usiku tukimbie. La majumbani tukimbie. La shambani mchana, kaeni mle chakula chenu. Kikao kimefungwa."

Watu wakapiga makofi, maana walikuwa wamechoka kukimbia. Fatu hakupiga.

"Anayeuza umemwacha," alisema, akijifunga khanga. "Umekuja kutupangia sisi namna ya kusikia."

Basi watu wakaacha kukimbia. Maboksi yakapiga mayowe, hakuna aliyekuja, nyani wakaanza kuliona yowe kuwa kelele kama kelele nyingine. Na maboksi yakaanza kutafuta.

Mtu wa kwanza kulisikia hilo alikuwa Athuman, anapita njia ya shambani saa za jua kali. Sauti ya Mikaeli ilimwita kutoka ndani ya mahindi, si kwa yowe, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu aliyechuchumaa anapalilia. "Athuman. Hebu njoo mara moja." Athuman akaingia. Alitembea kati ya mistari mpaka katikati ya shamba, na hapakuwa na mtu, na nyani walikuwa wanaondoka. Alisema baadaye kwamba kilichomtisha si kuitwa. Kilichomtisha ni kwamba alipokuwa anatoka, sauti ilimwambia, "Ahsante."

Halafu yakaanza kuitikiana. Boksi moja linaita, lingine linajibu kwa mbali, "Nakuja!" La tatu linacheka. Nyani wakisikia wanaume wawili watatu wanazungumza, hawashuki. Kwa hiyo yakazungumza. Ungesimama mlimani mchana, upepo umekufa, majani ya mahindi hayatikisiki, ungesikia wanaume wa Kwemkole wanasimuliana bondeni, wanaulizana habari za nyumbani, wanakohoa, wanatema mate ya ugoro, na wanaume hao hao wamekaa nawe hapo mlimani wanasikiliza. Hakuna aliyependa kuisikia sauti yake. Baadhi walipoteza mazoea ya kuzungumza kwa sauti.

Siku moja Fatu alikuja kwa kaka yake, akakaa barazani, hakuanza kusema mpaka wifi yake alipoleta chai akaondoka.

"Boksi langu limesema limeumia."

"Nani kaumia?"

"Wewe. Limesema, 'Fatu, nimeumia, usiniache.' Kwa sauti yako. Nilikimbia kaka, najua ulikataza, nikakimbia. Kufika, hakuna mtu. Leo limesema tena. Leo nilikaa."

"Ulifanya vizuri."

"Sikufanya vizuri. Nilikaa nikila mihogo huku wewe unalia."

Mwinjuma alimwambia aache ujinga. Lakini usiku hakulala sawasawa, na kesho yake alipotoka kwenye kibarua cha kusafisha mfereji, alipita kwa dada yake, akamwambia anakwenda kulizima lile boksi, akashika njia ya bondeni.

Shamba la Fatu lilikuwa la mwisho, linapakana na miamba. Boksi lilikuwa limefungwa juu ya nguzo ya dungu la zamani. Mahindi yalikuwa yamempita kichwa. Alipoingia mstari wa kwanza, sauti yake mwenyewe ikamwuliza:

"Nani huyo?"

Alisimama. Mkono ulimwinuka wenyewe ukashika koo.

"Ni mimi," alisema, kisha akajiona mpumbavu kwa kujibu.

"Mimi ndiye Mwinjuma," sauti ikasema.

Alijua ni yeye aliyelifundisha maneno hayo, jioni ile, wakicheka. Lakini jioni ile alisema kwa kujitapa. Sauti hii haikujitapa. Ilisema kama mtu anayemrekebisha mwenzake aliyekosea.

Alipanda dungu. Alilishika boksi, akaligeuza, akatafuta swichi. Hapakuwa na swichi. Hapakuwa na kifuniko, wala skrubu, wala mahali pa kuingiza kisu. Mwenye kulizima alikuwa Dar es Salaam. Kioo kilikuwa karibu na uso wake, akajiona humo, mdogo. Alikunja ngumi, akavuta kwa nguvu zote ili lile boksi ling'oke na msumari wake. Msumari haukung'oka. Kilichokatika ni mti wa dungu uliokuwa chini ya miguu yake.

Alianguka vibaya. Mguu wa kulia uliingia kati ya nguzo mbili, mwili ukaenda upande mwingine, akausikia mfupa kabla hajausikia uchungu.

Alilala akitazama majani. Kisha uchungu ukafika, akafanya alichofanya kila mtu wa Kwemkole tangu babu wa babu zake: akapiga yowe.

"Jamani! Jamani eee! Nimevunjika! Nakufa huku!"

Boksi juu yake likalipokea. Lilikuwa na spika. Yeye alikuwa na koo tu. "Jamani eee! Nimevunjika!" likasema, kwa sauti yake, kwa uchungu wake, na lilisema vizuri kuliko yeye.

Na kutoka mashamba ya jirani watu wakaitika.

"Tunakuja!" Sauti ya Mikaeli. "Vumilia, tunakuja!" Sauti ya Athuman. "Tuko njiani, mwenyekiti!"

Machozi yalimtoka Mwinjuma. Alimshukuru Mungu. Akajikokota hadi mwisho wa mstari ili waione njia, akaweka kichwa chini, akasubiri miguu.

Hakuna mguu uliokuja.

"Tunakuja," sauti ya Mikaeli ikasema tena, palepale ilipokuwa. Haikuwa imesogea hata hatua moja. "Vumilia."

Hapo ndipo alipoelewa: ni maboksi. Akapiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kila alipotamka neno, boksi lilichukua neno hilo likalitupa bondeni kwa nguvu, na mashamba yote yakamfariji. Kisha, katika pengo moja la ukimya, alisikia kitu kingine kutoka juu mlimani, kidogo, cha mbali. Vicheko vya watu wa kweli. Na mtu wa kweli anasema, "Leo la Fatu limechachamaa!"

Walikuwa wamekaa wanakula, kama alivyowaagiza.

Nyani wakashuka. Walikaa kwenye miamba wanamwangalia. Baadaye mmoja akaja mpaka kwenye mahindi ya karibu, akavunja hindi, akamenya, bila haraka. Mwanamume aliyelala chini asiyeinuka, nyani alikuwa ameshamjua ni kitu gani.

Jua lilipoanza kuegemea, akasikia nyayo. Nyayo hasa, zinakanyaga majani makavu. Zikasimama mwanzo wa shamba.

"Kaka?"

Alikuwa Fatu.

"Fatu!" akasema, kwa sauti iliyobaki. "Fatu, nimeumia! Usiniache!"

"Fatu, nimeumia," boksi likasema. "Usiniache."

Alimwona kati ya mabua, kipande cha khanga yake tu.

"Kama ni wewe, toka," Fatu akasema.

"Siwezi, mguu umevunjika!"

"Mguu umevunjika," boksi likasema. "Njoo, dada yangu."

"Sema jina la baba yetu mdogo aliyefia Handeni."

"Mwinshehe!" akalia Mwinjuma.

"Mwinshehe," boksi likasema kwa huzuni. Walikuwa wamemtaja mara nyingi shambani hapo, na boksi lilikuwa halina kazi nyingine isipokuwa kusikiliza.

Khanga ikarudi nyuma hatua moja. Mwinjuma aliiona. Akaona jinsi atakavyokufa: dada yake ataondoka akilia, atakwenda kukaa nyumbani, na kesho watu wataambiana kwamba boksi la Fatu limefikia kutaja wafu. Uchungu, kiu, hasira, vyote vikampanda kichwani, akafungua mdomo, na kilichotoka hakukifikiri.

"Fatu, mbwa wewe! Mama yako! Mama yako mzazi, unasikia? Kichwa kama mbuyu, akili za kuku! Ndiyo maana uliolewa na mwizi wa baiskeli!"

Boksi halikusema kitu.

Khanga ya Fatu ikasimama. Kisha: "Mama yangu si ndiye mama yako, mpumbavu wewe?"

"Ndiye!" akasema Mwinjuma akilia. "Ndiye!"

Khanga ikaja mbio.

Yeye ndiye aliyepanda mlima na kuwaleta, na hawakuja kwa yowe. Alimshika Mikaeli shati, akamburuta kutoka mlangoni kwake, na wengine wakafuata kuja kuangalia ugomvi.

Mwinjuma alilala hospitali mjini Korogwe na mguu umefungwa. Benedicto alikuja kumwona na maji ya chupa na machungwa, ana huruma ya kweli, maana hakuwa mtu mbaya. Fatu alikuwa amekaa kando ya kitanda.

"Mzee, pole sana. Kampuni wamesikitika. Ila mzee wangu, wanasema mashine ilifanya kazi yake. Kazi yake ni nyani wasishuke. Haikuambiwa chochote kuhusu yowe."

"Si muiambie," alisema Fatu.

"Haiwezekani, mama. Inajifunza yenyewe. Ukianza kuikataza hili na lile inapoteza akili yake."

"Mbona haitukani?"

Benedicto akacheka kidogo. "Ah, matusi! Hayo serikali ilitukataza. Toleo la kwanza yalikuwa yanaporomosha matusi mpaka karibu na shule, tukaandikiwa barua kali. Tukayaondoa nchi nzima kwa siku moja."

Fatu akaweka chini chungwa alilokuwa anamenya. Mwinjuma pale kitandani akageuza uso ukutani, maana alijua linalokuja.

"Kumbe mnakatazika," Fatu akasema.

Mwinjuma alirudi Kwemkole na magongo mawili, akaitisha kikao. Hakuzunguka. "Nilisema serikali isiingilie. Nilikosea. Niliingilia, ila niliingilia mambo yenu, nikayaacha ya kampuni. Yatolewe." Valentino, mtendaji wa kijiji, mtu wa sheria na miwani, alisimama kueleza kwamba kijiji hakina uwezo juu ya kampuni, kinaweza kukataza boksi lisisimame katika ardhi yake, lakini kukataza lisiuzwe, au kuiamuru kampuni iondoe yowe kama ilivyoondoa matusi, hiyo ni kazi ya juu. Ataandika wilayani. Wilaya itaandika mkoani.

"Na wao wataandika wapi?" mtu akauliza.

"Juu."

Waliyatoa yote siku moja, wakayafungia kwenye stoo ya mazao. Lakini mabetri yalikuwa bado na nguvu. Siku kadhaa aliyepita mbele ya stoo alisikia wanaume wamefungiwa ndani. Mwanzo waliitana kwa majina. Kisha walipiga yowe. Kisha, gizani humo, hakuna nyani wa kumtazama, hakuna mtu wa kuja, wakaanza kuulizana: "Upo?" "Nipo." "Upo?" "Nipo." Mmoja mmoja akaacha kujibu. Wake za watu walibadilisha njia ya kisimani. Sauti ya mwisho ilikuwa ya Mwinjuma. Ilikaa peke yake jioni nzima ikiuliza, na mwenyewe alikuwa ameketi barazani kwake, ng'ambo ya njia, magongo mapajani, anaisikia inafifia.

Basi wakarudi kwenye madungu, na makoti, na madebe. Walalamikaji walikuwa wengi. Ilisemekana kuna waliobakiza boksi na kulificha katikati ya mahindi, ambako halionekani kutoka njiani. Mikaeli alikuwa amenunua mawili na alileta moja; la pili alisema liliibwa. Majibu kutoka juu yalikuwa hayajaja.

Likapigwa yowe. Ilikuwa saa za alasiri, msimu unakaribia mwisho, mabua yameanza kukauka. Lilitoka bondeni. Lilikuwa la Mikaeli, na Mikaeli mwenyewe hakuonekana nyumbani kwake.

Watu walitoka milangoni. Ndivyo ilivyokuwa sasa: walitoka milangoni, wakasimama hapo. Kila mmoja alimtazama mwenzake. Walisubiri la pili. La pili likaja. Wakasubiri la tatu.

Mwinjuma akashika magongo. Akalipokea yowe kwa sauti yake, kama inavyotakiwa, ili aliye mbele alisikie. Sauti yake ilikwenda ikapita juu ya paa za watu, na hakuna aliyeichukua. Aliwaona wakimwangalia mdomo, kama watu wanaohakikisha kwamba umefunguka.

Akaenda peke yake. Mteremko ulikuwa mgumu kwa mtu wa magongo. Alipofika kwenye shamba la Mikaeli, yowe lilikuwa limenyamaza. Mahindi yalisimama kimya, marefu, yana rangi ya mchanga.

"Mikaeli!"

"Nipo hapa, mzee," ikajibu sauti ya Mikaeli kutoka ndani kabisa. Ilikuwa imechoka. "Njoo."

"Una nini?"

"Njoo, mzee."

Mwinjuma aliegemea magongo, akipumua. Nyuma yake njia ilikuwa tupu hadi juu.

"Mikaeli," alisema. "Nitukane."

Majani makavu yakasuguana kidogo.

"Nitukane, mwanangu! Nitukanie mama, nitukanie baba, nitukanie huu mguu! Sema lolote chafu!"

Kisha sauti ikasema, kwa adabu ile ile ambayo Kwemkole nzima iliijua tangu Mikaeli akiwa mtoto wa kubeba mishumaa kanisani:

"Siwezi kukutukana, mzee. Njoo tu."

Mwinjuma alifumba macho, akayafumbua. Akatanguliza gongo moja kati ya mabua, kisha la pili, akaingia.